Firimbi ya Kiwanja cha Ndege

Juzi nilikuwa Soko la Toi nikitafuta viatu vya mtumba nilipoikuta meza ya muuzaji wangu imefunikwa turubai. Mama wa mboga aliye jirani yake aliniambia bila kuinua macho, "Mzee wa firimbi ametuacha. Jioni tunachangia gari la kumpeleka nyumbani, kule ziwani." Wasomaji waliokaa Kawangware kabla ya maduka yale mapya wanamjua, hata kama hawajawahi kununua kiatu kwake.

Nyuma ya Kongo, sehemu yetu ya Kawangware, palikuwa na kiwanja kidogo cha ndege: ukanda mmoja wa nyasi, kibanda cha mabati, na mfuko wa kitambaa uliochanika ukionyesha upepo. Njia yetu ya mkato kwenda mitaa ya matajiri, ambako akina mama walifua nguo na sisi wengine tulikata nyasi, ilipita katikati yake. Mzee aliajiriwa kutufukuza. Akisikia injini angani alipuliza firimbi na kuja mbio. "Wewe mama, unataka ndege ikubebee hilo beseni?" Naye mama alimjibu bila kugeuka, "Mwambie rubani angoje, mimi nimechelewa kazini." Ndege ikishatua, firimbi ililia tena, tukapita. Ulikuwa ugomvi wa kila asubuhi, na mtu akikosa kuonekana, mzee aliuliza kama ni mgonjwa.

Kisha kiwanja kikauzwa. Matingatinga yakaingia kusawazisha mahali pa supamaketi na kituo cha petroli, na uzio wa mabati ukaziba njia. Akina mama wakawa wanazunguka kwa barabara kuu na kufika kazini wamechelewa, wengine wakaachishwa. Tukaitwa barazani kwa chifu. Mwakilishi wa wajenzi, kijana mpole, alisema pale hapakuwa na njia, kwani watu hawapiti kwenye kiwanja cha ndege. Tukanyamaza, maana kusema tulipita ni kukiri tulivunja sheria. Mzee alikuwa ameketi mbele. Wajenzi walikuwa wamemwahidi kazi ya kulinda lango, na fundi alikuwa ameshampima sare. Akasimama. "Njia ipo," alisema. "Hawa nimewafukuza miaka yote. Kama hapapitwi, nilikuwa namfukuza nani?" Baraza zima likacheka, hata yule kijana. Wakatuachia kichochoro kati ya kuta mbili. Lango likapewa mtu mwingine, na mzee akaenda Toi kuuza viatu.

Niliwahi kumuuliza kama alijuta. "Omera, ndugu yangu," aliniambia, akiendelea kusugua kiatu, "ile sare ingenibana."

Jana nilirudi kupita kichochoro hicho. Mbele yangu mama mwenye beseni alisimama, akatazama juu, akasikiliza kidogo, ndipo akaingia. Nilipofika pale nami nikasimama, nikijua vizuri kwamba hakuna ndege. Nimehama mitaa mingi ya mji huu, na kila ninakorudi nakuta ukuta mpya na mtu wa kuniambia kwamba hapo awali palikuwa patupu. Mzee yule alinifundisha kwamba haitoshi kuwa tulipita mahali. Lazima apatikane mtu wa kusimama na kusema alituona, hata kama alikuwa akitufukuza, na hata kama kusema huko kutamgharimu lango.