Betri Iliyoanikwa na Mbaazi

Kaka yangu mkubwa ana shahada, ana kiti cha kuzunguka ofisini, na mwaka juzi alijinunulia ndege. Ndege yenyewe ni ya povu, inaendeshwa kwa rimoti, na nguvu zake zote zinatoka kwenye betri moja bapa isiyozidi ukubwa wa kipande cha sabuni. Lakini ukimsikia anavyoongea, ungedhani Babati imejengewa uwanja wa ndege na yeye ndiye aliyekata utepe.

Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Bagara. Nimeona betri zikifa kwa kila namna, na ninayoiogopa ni ile inayovimba. Inaanza kidogo tu, kioo cha simu kinanyanyuka pembeni, mwenye simu anaapa kwamba iliangushwa na mtoto. Betri ya lithiamu ikishavimba imekufa. Huibonyezi, huitoboi, huichaji. Unaitoa nje na kuiweka kwenye ndoo ya mchanga, mbali na chochote kinachoungua. Ndoo hiyo ninayo pale kibandani tangu siku ya kwanza, na wapo wateja wanaoitemea mate.

Kila Jumamosi kaka alikuwa anakwenda Singe, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, yeye na wanaume watatu wanne wa maofisini, wote miwani nyeusi. Nilikwenda mara moja tu. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa kuvua watu kofia, na hakuna aliyejali. Hakuna aliyejaribu kwanza kama rimoti inashika kwa mbali. Kaka aliirusha tu, akawa anaipitisha juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanapepeta mbaazi, kwa sababu upande wa pili kulikuwa kutupu na hakuna wa kumshangilia. Nilimwambia aipeleke huko kusiko na watu. Hata kunitazama hakunitazama.

"Wewe shughulika na simu zako. Hii ni anga."

Anga! Hazikupita dakika mbili betri ikaisha nguvu, ndege ikashuka yenyewe, hatua chache kutoka kwa mama mmoja aliyeshika ungo. Mama wa watu akarusha ungo na mbaazi zote. Kaka akakimbilia ndege. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mbele ya wenzake, nikamwuliza rubani kama abiria wote wameshuka salama. Wenzake nao wakacheka mpaka wakavua miwani. Alipoichomoa betri nikaona imeanza kuvimba, nikamwambia, bado nacheka, kwamba hata kuku wa Singe wanajua hiyo imekufa. Sikumwambia ailete kibandani. Sikumwambia aitupe wapi. Nilikuwa nafurahia mno.

Kaka anaishi Maisaka na mama yetu. Mama alikulia Mbulu milimani, kwenye nyumba yenye redio moja, na mawe ya redio, yaani betri zake, yakichoka yalianikwa juani, redio ikapata sauti ya taarifa ya habari ya siku mbili tatu. Basi kaka alirudi nyumbani, akaibwaga betri kwenye kizingiti cha dirisha, akalalamika mchana kutwa kwamba imekufa na Jumamosi ijayo ana wageni wa kuwarushia. Mama akamhurumia. Kesho yake alipotandaza turubai la mbaazi uani, pembeni akaliweka na lile jiwe la ndege. Siku mbili nzima alikuwa analigeuza pamoja na mbaazi, ili lipate jua pande zote.

Mama simlaumu, alifanya anachokijua. Lakini yule msomi! Mama alimpelekea betri mkononi, akamwambia, "Jaribu sasa, baba, imepata jua." Na yeye akajaribu. Akaichomeka kwenye chaja, juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, taa ya chaja ilipowaka akafurahi, akaenda zake kuoga. Betri ya namna ile, hata ikiwa nzima, unaichajia nje kwenye saruji na unakaa nayo mpaka ijae. Yameandikwa hayo kwenye boksi lake, na kusoma ndiyo kazi inayompa mshahara.

Jirani alinipigia saa kumi jioni. Nilifika nikamkuta kaka uani, taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni, amekumbatia ndege yake. Haikuwa na hata alama ya moshi. Mama alikuwa amejinyoosha kwenye kochi wakati ule. Alisikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia, akaona moshi mweupe, kisha moto. Hakukimbia. Aliikamata betri kwa mkono wa kulia pamoja na kitambaa chake, akaitupa nje ya mlango. Nyumba ilipona.

Kiganja kiliungua, na vidole vitatu. Daktari alituambia viwili huenda visikunjike tena kama zamani. Mkono huo ndio anaolia ugali, ndio anaopeana na watu salamu wakitoka kanisani. Nilikaa kando ya kitanda chake hospitalini, hasira imenijaa. Nikamgeukia kaka, nikammwagia yote: shahada, miwani, anga, ndege aliyoikumbatia mama akiungua. Na ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

"Mwache mwenzio," mama akasema. "Mimi niliona kile kitu kimevimba. Hata simu nilishika, nikuulize wewe, maana ndiyo kazi yako."

"Sasa mbona hukupiga, mama?"

Aliuangalia kwanza ule mkono uliofungwa.

"Kaka yako alinisimulia ulivyomcheka kule Singe, mbele za watu. Nikasema, kama mtu mwenye shahada anachekwa hivyo, mimi je?"