Bawaba za Pikapu ya Baba

Mlango wa dereva ulinibakia mkononi asubuhi moja nikitoka kwenda kazini. Bawaba ya juu ilichomoka, ya chini ikabaki imeushikilia upande upande. Fundi alizitoa zote mbili, pamoja na vyuma vinavyobeba bampa ya mbele, akanionyesha jinsi kutu ilivyovitafuna. Akaniambia niagize vipya. Muuza spea alisema vinatoka nje, kwa meli, na kila nilipompigia simu meli ilikuwa karibu kufika. Pikapu ikakaa chini ya jengo letu hapa mtaa wa Tena, mlango umefungwa kwa kamba, nami nikarudi kupanda basi.

Gari hilo lilikuwa la baba. Alilinunua tulipokuwa tukiishi Kaloleni, akiwa dereva wa malori ya kiwanda. Macho yake yalipoanza kufifia alinikabidhi mimi funguo, kwa kuwa kaka zangu walilionea haya. Wakati huo wa kungoja spea, yeye naye alikuja kwangu kutoka Kitui kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Hospitali ikawa inaahirisha. Tukawa tunangoja sote wawili, tukila chakula cha jioni bila mengi ya kusema. Hatukuwahi kuwa watu wa mazungumzo.

Jumamosi moja aligonga gunia kwa mguu karibu na mlango wa balkoni.

"Hiki ni nini, mama?" aliuliza. Ameniita mama tangu nikiwa mtoto.

"Ni vyuma vya gari. Nangoja mtu wa chuma chakavu apite."

Aliinama akatoa bawaba moja, akaipapasa pande zote.

"Hii si ya kutupa. Una siki?"

Nilikuwa nayo. Niliviloweka kwenye karai hadi kesho yake, kisha tukaketi kwenye balkoni, yeye na brashi ya waya, mimi na msasa. Sikuamini vingerudi kwenye gari. Nilifanya kwa sababu mzee alikuwa amekaa bure kwa muda mrefu na sasa alikuwa na la kufanya. Aliona vivuli tu, kwa hiyo alisugua kidogo, akapapasa kwa kidole gumba, akasugua tena.

Alipofika kwenye bawaba ya juu, aliipapasa mara mbili.

"Hii imepinda. Ilipinda siku mama yako aliposhuka gari likiwa bado linatembea."

Mama alifariki miaka mingi iliyopita. Sikuwahi kuisikia habari hiyo.

"Alishuka kwa nini?"

"Tulikuwa tunatoka kanisani, kule nyumbani. Siku hiyo yeye ndiye alikuwa kwenye usukani, nilikuwa namfundisha. Nilimkaripia mbele ya wazee tuliokuwa tumewabeba nyuma. Akafungua mlango, akaruka. Mlango ukagonga ukingo wa barabara."

"Na gari?"

"Nilivuta breki ya mkono. Kisha nikashika usukani, nikamfuata polepole, yeye akitembea mbele. Nilimwita apande. Alikataa mpaka nyumbani, na viatu vyake vya kanisa amevishika mkononi."

Aliendelea kusugua. Nilimuuliza kama mama aliwahi kushika usukani tena. Alisema hapana, na kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kumwomba msamaha. Alidhani ungepatikana wakati. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyoombea siki.

Tulikuwa bado hatujamaliza jirani wa chini alipobisha mlango. Ni mama wa makamo kutoka magharibi, anauza dagaa wa omena sokoni. Mikononi alikuwa na shuka jeupe lenye madoa ya hudhurungi.

"Jirani, maji yenu ya kutu yanashukia kamba yangu. Hili shuka ni la wageni. Mnataka nilale wapi na aibu hii?"

Nilianza kusema nitamnunulia lingine. Baba alikuwa ameshasimama.

"Mama, nipe nilifue."

"Wewe mzee? Wacha."

"Nimelichafua mimi."

Alishuka ngazi akishika ukuta, nami nikambebea ndimu na chumvi. Akachuchumaa kwenye bomba la uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, akasugua shuka kwa ngumi. Maisha yangu yote sikuwahi kumwona akifua hata soksi. Jirani alisimama pembeni, mikono kiunoni, akimwelekeza doa lilipo: kushoto, juu kidogo, hapo. Madoa hayakuisha yote. Alilianika mwenyewe, na jirani akatuletea chai.

Vyuma tulivimaliza siku iliyofuata, tukavipaka rangi. Upasuaji ulifanyika mwezi uliofuata. Spea zilifika baada ya hapo, zikaingia vizuri, fundi akafunga mlango bila shida. Baba aliziangalia zile bawaba zetu kuukuu kwa jicho lake jipya.

"Rangi mmepaka vibaya," alisema.

"Tulipaka pamoja, Baba."

"Basi tulipaka vibaya."

Alizibeba aliporudi Kitui, akamwambia mchomeleaji azitie kwenye lango la zizi la mbuzi. Nilipoenda Krismasi nilikuta ile bawaba iliyopinda imelifanya lango liegemee upande mmoja, na ili lifunge lazima ulinyanyue kidogo.