Ongeza Chokaa

Mpaka leo nikisikia harufu ya chokaa mbichi mwili unanisisimka. Watu huniambia hiyo ni harufu ya usafi na sikukuu. Wao hawakuwepo nyumbani kwetu Mbeya masika yale, chumba cha mama kilipopakwa rangi ya kijani. Mimi nilikuwepo, mtoto wa kike wa darasa la pili, mwoga kuliko kuku mgeni, na sioni haya kusema hivyo.

Baba alikuwa fundi cherehani. Wazee wake walitoka pwani, na yeye, ingawa alizaliwa hukuhuku kwenye baridi, alijihesabu mtu wa pwani anayejua pilau, maneno na rangi. Alishonea barazani kwenye duka la Mhindi, na jioni cherehani ilirudishwa nyumbani. Muda mfupi kabla ya haya ninayoyasimulia, panya walilitafuna shuka la jeneza la msikitini, lile la kijani ambalo maiti hufunikwa nalo akipelekwa makaburini. Wazee wa msikiti walinunua kitambaa kipya wakamletea baba. Hakutaka ujira. Pindo alilishona kwa mkono, mishono midogo kama punje za mtama, na alipomaliza akalikunja na kulipeleka mwenyewe. Kikabaki kipande cha ukubwa wa leso. Kilikuwa cha kijani kilichoiva, cha kupendeza, na fundi cherehani hatupi kitambaa. Akakitia mfukoni.

Wakati huo mama alikuwa na mimba kubwa. Baada yangu alikuwa amezaa watoto wawili, na wote walikufa kabla ya arobaini. Chumba chake kilikuwa cheusi kwa moshi wa taa, kuta za udongo mtupu. Baba akaamua kwamba mtoto wa safari hii atazaliwa kwenye chumba chenye sura mpya, kwa sababu kuta zile zimeshasikia vilio vya kutosha. Lilikuwa wazo zuri na hata sasa silipingi. Ila alikwenda kuchagua rangi na kile kipande mkononi.

Nilifuatana naye. Dukani palikuwa na makopo ya unga wa rangi wa kuchanganya na chokaa. Kijani kimoja kilielekea buluu, kingine kilielekea manjano, kingine kilikuwa kama matope ya bwawani. Baba aliweka kipande chake kando ya kila kopo, akakitoa nje kwenye mwanga, akarudi, akakitoa tena, mpaka mwenye duka akachoka kutabasamu. Mwishowe akapata unga uliofanana na kitambaa kabisa. Njiani alikuwa anapiga mluzi. Aliniambia kijani ni rangi ya heri, na kwamba mtoto akifungua macho mara ya kwanza akutane na heri.

Tulipofika alitandika gazeti mkekani, akamwaga unga kidogo, akaweka kipande pembeni, akamwita mama aje aone kama anaweza kuvitofautisha. Mama hakuutazama unga. Alikitazama kitambaa, akauliza kimetoka wapi. Baba akamweleza waziwazi, kama mtu anayeleta habari njema. Mama akageuka, akaenda jikoni, akakaa mbele ya moto. Ugali uliungua mbele ya macho yake na hakuugusa.

Aliyeuokoa ugali alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, ambaye alikuwa amekuja kutoka Iringa kwa basi ili amzalishe mdogo wake. Alikuwa Mhehe wa maneno machache, na machache hayo yalikuwa makali. Jioni tulikaa wawili kuchambua maharage, nikamuuliza mama amekasirikia nini. Nilimwambia kwamba wadogo zangu hawakubebwa kwenye jeneza. Niliwaona mwenyewe, baba aliwabeba mikononi, wamefungwa sanda nyeupe. Kijani hakikuwahi kuwagusa.

"Sasa si umejijibu mwenyewe?" mama mkubwa akasema. "Shuka lile la watu wazima. Mama yako haogopi mtoto atakufa, anaogopa atakufa yeye."

Kisha akanieleza yaliyobaki bila kuinua macho kwenye ungo. Bibi yetu alifia uzazini kule Iringa. Mama alikuwa mdogo sana, amebebwa mgongoni na mama mkubwa, na alichokiona ni kijani kinateremka mlima kuelekea makaburini, basi. Na mimba ya mwisho, ile ya mdogo wangu wa pili, damu ilimtoka mama mpaka wakakata tamaa. Mimi niliambiwa siku ile kwamba mama ana malaria.

Hapo ndipo hofu iliponiingia, na ikakaa. Mpaka siku hiyo sikuwa nimejua kwamba mama ni kitu kinachoweza kuisha. Nikawa namfuata kila aendako. Akienda kisimani niko nyuma, akilala mchana nakaa mlangoni kuangalia kama kanga iliyomfunika inapanda na kushuka. Alinifukuza kwa upole, halafu kwa ukali, nami nikarudi vilevile.

Baba alijaribu kwanza kufanya utani. Alisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini hakuna aliyecheka. Basi akasema atautupa unga, apake chokaa tupu. Mama akakataa hilo pia. Nyeupe ilikuwa sanda ya wanawe wawili, hakutaka kuzaa mbele yake. Baba alibaki amekaa, mikono magotini, kama mteja amemwambia nguo haikumfaa na mkasi umeshapita.

Asubuhi yake akatoa debe la chokaa uani, akatia maji, chumvi ili rangi isichafue nguo, na unga kidogo. Akakoroga kwa fimbo, akapaka mstari nyuma ya mlango. Mama akasimama kizingitini, amejitanda kanga mpaka usoni.

"Ongeza chokaa," akasema.

Akaongeza, akapaka mstari mwingine. Mama akatikisa kichwa. Akaongeza tena. Nyuma ya mlango ule kukawa na ngazi ya kijani, kila mstari umefifia kuliko wa juu yake, na baba hakulalamika hata mara moja, yeye aliyekuwa hawezi kuvumilia mteja abadili kifungo. Walikuwa wanatafuta mahali kati ya sanda na jeneza, na wote wawili walijua. Tulisubiri kila mstari ukauke, maana chokaa mbichi ina rangi nzito, hupauka ikishakauka. Hatimaye mstari mmoja ulitoka kama majani ya ndani ya kabichi. Mama aliugusa kwa kidole.

"Huu naweza kulala nao," akasema.

Baba akapaka chumba chote siku ileile, peke yake, mpaka mabega yakafa ganzi. Halafu mvua ikaja. Sijui mvua ya mahali pengine, ila ya Mbeya mwezi ule haina adabu. Ukungu ulishuka kutoka mlima Loleza ukaingia mpaka chini ya vitanda, na chumba hakikukauka. Kuta zilibaki nzito na za giza, kijani kilekile cha kitambaa. Baba alizunguka akisema bado mbichi hizo, zitapauka, ngojeni jua. Jua halikuja, ukaja uchungu, kabla ya siku zake.

Chumba kingine kilikuwa kinavuja, ndoo tatu sakafuni. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara iliyogeuka mto, na hakuna gari ambalo lingekuja. Mama akaingizwa mle mle. Baba alileta jiko la mkaa, akaliweka karibu na ukuta, akapepea kama anayechoma mahindi, jasho linamtoka, anapepea ukuta badala ya kumtazama mkewe. Mama mkubwa akamtoa nje kwa bega. Mimi akaniacha mlangoni nilinde jiko na nihakikishe mlango haufungwi, moshi wa mkaa usituue.

Kwa hiyo niliona. Sikumwona mama, mgongo wa mama mkubwa ulimziba, ila niliuona ukuta. Karibu na jiko palikuwa pamepauka duara dogo. Kwingine kote palikuwa vilevile. Nilijiambia duara likifika kitandani kabla ya mtoto kuja, mama atapona, na lisipofika, hatapona. Hakuna aliyenifundisha hilo. Niliishika fimbo ya kuchochea moto mpaka viganja vikauma, na duara halikusogea.

"Umekauka?" mama aliuliza kutoka kitandani.

Mama mkubwa akasimama, akavua kanga yake ya juu, akaifunika ukutani mbele ya macho ya mama, na kanga ikajishikiza yenyewe kwenye ubichi. Akachukua nyingine kwenye kamba, akaibandika. Akachukua shuka, akachukua hata koti la baba akalitundika kwenye msumari, mpaka upande ule wote ukawa nguo za nyumbani tupu.

"Ukuta haupo," akamwambia mdogo wake. "Nitazame mimi."

Mtoto alilia mchana huo. Lakini mama alinyamaza, na kimya chake kilikuwa kirefu kuliko kilio cha mtoto. Nilisikia mama mkubwa akinong'ona kwa Kihehe, haraka haraka, akikanda tumbo. Nje baba alikuwa amesimama kwenye mvua, chini ya bati lakini nusu yake nje, na hakujua kwamba analowa. Niliogopa hata kumtazama, nikidhani usoni mwake nitasoma jambo. Kisha mlango ukapanuka kidogo, mama mkubwa akasema uletwe uji, mwepesi, na sukari nyingi. Baba akakaa chini palepale kwenye tope.

Siku jua lilipotoka tulizibandua zile kanga. Ukuta ulikuwa umekauka chini yake, laini, kijani cha kabichi, na mama alikuwa amelala mbele yake na mdogo wangu wa kiume kifuani. Kanga za mama mkubwa zilibaki na mabaka ya chokaa yasiyotoka. Alirudi nazo Iringa hivyohivyo, anajigamba nazo.

Ningependa kusema hofu iliondoka naye kwenye basi, lakini haikuondoka. Miaka iliyofuata niliendelea kumlinda mama. Akikohoa naamka. Akichelewa sokoni namfuata njiani. Baba alinicheka, akaniita askari wa zamu.

Baba sikumlinda, nani angefikiri kumlinda baba? Ilikuwa Julai, baridi ya kukata masikio, akarudi kutoka barazani analalamika ubavu unamchoma. Kilikuwa kichomi. Hakufika Ijumaa.

Jeneza lilipoletwa uani nililitambua shuka kabla sijamtambua yeyote aliyelibeba. Pindo lilikuwa lake, mishono yake midogo ya mtama. Wanawake walitaka kumgeuza mama asitazame, maana habari za Iringa walikuwa wanazijua. Mama akaitoa mikono yao. Alilitazama likitoka, likateremka njia, mpaka kona, na hakufumba macho.

Akakaa eda katika chumba kilekile. Kuta zilikuwa zimechoka kwa moshi wa taa, na ilipokaribia siku ya kumtoa eda nikamwambia nitaipaka nyumba upya, watu watakuja. Nilikuwa msichana mkubwa sasa, chokaa naiweza. Nikamuuliza anataka rangi gani. Moyoni nilikuwa nimeshaamua kuchanganya ile ya kabichi.

Mama aliinuka, akaenda kwenye cherehani ya baba iliyokuwa imefunikwa, akavuta droo. Akatoa kile kipande. Miaka yote ile kilikuwa mle, chini ya vibiringo vya nyuzi, na nadhani alijua siku zote.

"Mimi siruhusiwi kutoka," akasema. "Nenda nacho dukani wewe. Tafuta inayofanana kabisa."

Nikasimama nacho mkononi. Nilimuuliza chokaa nitie kiasi gani.

"Kidogo tu, ishike," akasema. "Usiongeze."

Nikajitanda, nikaenda dukani.