Mshenga Aliyeokotwa Kwenye Treni

Kisa hiki huwa sikisimulii mbele ya watu wazima, maana kuna aibu za kuchekwa na kuna aibu za kutazamwa kimya, na ya kwangu ilianza na hiyo ya pili, lakini kwa kuwa nyinyi mnanijua nilivyo, acha niseme.

Nilitoka Dodoma asubuhi moja bila mpango. Kibarua cha zege kilikuwa kimeisha jana yake, nikaamka nyayo zinaniwasha (ugonjwa wangu wa siku zote, mama anaujua), na hapohapo nikakumbuka Ujiji. Shule niliishia kidato cha pili, na katika kitabu cha historia ukurasa wa mwisho nilioufikia ulikuwa na ramani ya misafara ya zamani, mstari unatoka pwani, unapita Tabora, unaishia Ujiji kwenye ziwa, na mimi miaka yote nilikuwa najiuliza huko mstari unakoishia pakoje. Safari nzima niliipanga kwa kikombe kimoja cha chai: niende, nitazame siku mbili, nirudi. Nikabeba begi langu dogo, nikaenda stesheni, siyo ile mpya ya treni ya umeme, ile ya zamani, nikapanda ya Kigoma.

Kwenye behewa nilikaa mkabala na kijana mmoja, Idrisa, karani wa masjala katika ofisi moja hapo Dodoma, kwao Singida, pamoja na mjomba wake, mzee mnene mcheshi aliyekuwa akila karanga tangu tuanze safari. Walikuwa wanakwenda Ujiji kuposa. Binti anaitwa Zuhura, mwalimu, na baba yake alikuwa ameshatuma neno kwamba wakija Jumapili watasikilizwa, wasipokuja tusilaumiane, maana kuna watu wa Kibirizi wenye mitumbwi yao wameshabisha hodi. Mjomba ndiye mshenga, na kesho yake ndiyo hiyo Jumapili.

Basi mjomba akaniuliza, "Na wewe, Ujiji unaijua?"

Hapo ndipo penyewe. Ningesema siijui, leo nisingekuwa na kisa. Lakini mtu akizungukazunguka sana anaona haya kusema kuna mahali hajafika, nikajibu, "Nimekaa pale, miaka kama miwili." Likatoka laini kabisa, hata mimi nikaliamini kidogo.

Tulipofika Tabora mjomba akashuka kutafuta asali. Tukamwambia treni haikai sana, akasema asali ya Tabora haipitwi. Treni ikapiga honi, ikaondoka, na dirishani tukamwona anatembea haraka na kidumu mkononi (kukimbia alikuwa hawezi, na nadhani hakutaka kumwaga). Begi lake likabaki juu ya vichwa vyetu.

Idrisa akawa anapiga simu ya mjomba bila kuipata mpaka stesheni mbili zikapita. Mtu hajiposei mwenyewe, hilo kila mtu analijua, atakayekwenda peke yake kwa wakwe ataulizwa kama alizaliwa na mti. Simu iliposhika mtandao mjomba akasema atafuata kwa basi, lakini hatawahi, basi atafutwe mtu mzima mwenye kauli, afikishe salamu ili Jumapili isipite bure. Idrisa akanitazama.

"Kaka, wewe si umekaa Ujiji? Watu watakuwa wanakufahamu."

Nikasema sawa. Sikusema kwa ubaya. Nilimwonea huruma, halafu, niseme kweli, nilitaka pia kuona nyumba za Ujiji kwa ndani.

Tukashuka Kigoma mchana, ziwa limekaa pale chini kama kitu kilichotandikwa, nami nikajizuia nisilishangae, maana mkazi hashangai. Tukakodi bajaji, tukapita Katubuka, Idrisa ananipa sifa za familia yake nizikariri, na chooni kwenye mgahawa mmoja nikavaa kanzu ya mjomba, tuliyoitoa kwenye begi lake. Mjomba ni mnene na mfupi. Kanzu iliniishia katikati ya muundi na upana ulitosha kuingiza mtu wa pili.

Nyumbani kwa akina Zuhura tulipokelewa vizuri sana, kiasi cha kuogopesha. Ukumbini walikaa baba yake, Mzee Issa, na wazee watatu waliokuja kutoka Kasulu kwa ajili yetu, na nyuma ya pazia walikuwa wanawake, tunasikia bangili zao tu. Mbele yetu kukawekwa samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese na ugali wa muhogo. Sijala tangu alfajiri, nikala. Nilikula vizuri. Niliponyanyua kichwa nikaona mikono yote mingine iko magotini, na Idrisa ananiangalia kama mtu anayeona nyumba yake inaungua. Kumbe mshenga husema kwanza, chakula hufuata.

Mzee mmoja akakohoa. "Mshenga ana njaa ya nyumbani," akasema, na wakatabasamu, nikaona nimepona, na kwa furaha ya kupona nikaongeza, "Ni kweli, mzee, chakula hiki nilikikosa. Mimi nimekaa hapahapa."

Mzee Issa akasogea mbele. "Ujiji? Mtaa gani?"

Jina pekee nililolishika njiani lilikuwa kwenye kibao. "Buzebazeba."

"Kwa nani?"

Tulipokuwa tunaingia mtaani nilimwona fundi baiskeli kazungukwa na matairi. Nikasema, "Kwa Mzee Rashidi, fundi baiskeli." Nikajiambia mji gani hauna Mzee Rashidi.

Na kweli, ulikuwa naye. Uso wa Mzee Issa ukafunguka wote. Sauti ya kikongwe ikatoka nyuma ya pazia, ndiye Bibi Tausi, mama yake Mzee Issa: "Mwiteni Rashidi. Aje amwone mtu wake, naye awe shahidi wetu."

Nikasema asisumbuliwe, mzee wa watu. Wakasema si usumbufu, ni nyumba ya nne kutoka hapa.

Mzee Rashidi akaja anashikilia ukuta, macho yana ukungu. Ni mtu wa Kalinzi kwa asili, na salamu ya huko haina haraka, alinishika mikono yote miwili, "Amahoro, amahoro," yaani amani, ananipapasa mpaka viwikoni, ananiuliza watoto, mvua na njia, nami naitikia tu kila kinachokuja. Halafu akainua uso akanisogelea, akasema kwa upole, kwa furaha hasa, "Sadoki, mwanangu. Umerudi. Na baiskeli yangu umekuja nayo?"

Bangili zikasogea karibu na pazia.

"Baiskeli gani, Rashidi?" Mzee Issa akauliza.

"Ile ya kijani yenye kengele mbili. Mpangaji wangu huyu aliiazima aende nayo sokoni mara moja. Mwaka wa sita huu."

Jamani, nawaomba mkae mahali pangu. Nikikubali kwamba mimi ni Sadoki, posa ya Idrisa imeletwa na mwizi. Nikikataa, imeletwa na mwongo. Na neno la mshenga ndilo mali yake yote, likioza, posa imeoza, na watu wa Kibirizi wako palepale wanasubiri. Nilimwangalia Idrisa. Alikuwa anaangalia mkeka, kijana wa watu, shati lake jeupe amelipiga pasi kwa mkono, na nikaona mwizi angalau angeweza kuahidi kuleta baiskeli, lakini baiskeli sina, na mwongo hana cha kuleta ila ukweli.

"Mzee," nikasema, "mimi si Sadoki. Sijawahi kukaa kwako. Ujiji nimeingia leo, saa sita, kwa mara ya kwanza."

Mzee Issa akasimama. "Na hii kanzu?"

"Ya mjomba wake."

"Na huyo mjomba?"

"Yuko Tabora. Alikwenda kununua asali, treni ikamwacha."

Mzee mmoja wa Kasulu akajifunika mdomo kwa kofia. Mzee Issa yeye hakucheka, alikuwa anautazama mlango, na mimi nikajua tunatolewa. Hapo pazia likafunguka, Bibi Tausi akatoka na mkongojo, hakunitazama hata kidogo, akaenda moja kwa moja kwa Idrisa.

"Mjukuu wangu, ulijua kwamba huyu hajawahi kufika hapa?"

"Sikujua, bibi. Aliniambia kwenye treni amekaa miaka miwili, nikaamini. Nilikuwa sina mtu."

"Ungeweza kukaa Kigoma umsubiri mjomba."

"Mliniambia Jumapili, bibi."

Bibi akatikisa kichwa taratibu, akamgeukia mwanawe. "Issa, huyu kadanganywa na yuleyule aliyetudanganya sisi. Yuko upande wetu. Na siku uliyompa ameitii, hata kwa kuja na takataka."

(Takataka ni mimi.)

Mzee Issa akakaa. Akaomba namba, akampigia mjomba, akaweka sauti ya nje, na mjomba kwenye basi akaanza kuomba radhi kwa ufasaha ambao mimi nisingeupata hata kwa mwaka. Wakamwambia posa haipokelewi kwa simu, aje, wanamngoja, na kwa watu wa Kibirizi litapelekwa neno kwamba mlango una mtu. (Alifika kesho yake na kidumu chake kizima, posa ikapokelewa, na mimi sikuruhusiwa kukaa hata kibarazani.)

Idrisa akapewa chumba cha wageni humo humo. Mimi hakuna aliyenitaja. Nikavua kanzu, nikaikunja, nikaanza kuulizia gesti yoyote ya karibu, mpaka Mzee Rashidi, aliyekuwa bado ameketi kwenye mkeka, akasema nyumbani kwake kuna chumba kitupu, kodi nitalipa kwa kumshikia spana, macho hayamsaidii tena.

Tukaenda naye jua likiwa linashuka upande wa Kongo, amenishika mkono, ananionyesha mitaa kwa jina, huku Kitongoni, kule sokoni, na kila alichotaja nikasema sikijui, nikafurahi jinsi neno lile lilivyo jepesi. Nimeapa, kwa mji wowote nitakaouingia, jibu langu ni hilo, hata ukiwa mji niliozaliwa. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha linaloelekea ziwani, na msumari wa kutundikia nguo. Mzee akanionyesha maji ya kuoga, akanitakia usiku mwema, akafika mlangoni akasita.

"Lala, Sadoki," akasema. "Habari ya baiskeli tutazungumza kesho."