Twiga wa Mwarobaini

Kefa alikuwa amechonga mpingo miaka thelathini pale Changamwe, na kiburi cha mpingo kilikuwa kimemwingia mpaka kwenye kucha. Mti mwingine wowote aliuita kuni.

Kwa hiyo Lynnette wa ushirika wa wachongaji alipowaambia kwamba wanunuzi wa ng'ambo hawataki tena miti inayomaliza misitu, Kefa alinuna siku mbili nzima.

"Ndio uendelevu huo, mzee," Lynnette alimbembeleza. "Mpingo ukikatwa leo, hata mjukuu wako hataona mwingine umekomaa. Mwarobaini unakua upesi."

Oda ilikuwa twiga kumi na wawili wa mwarobaini. Akishindwa, nafasi yake angepewa mwingine, na kwa umri wake nani angemwita tena?

Mti ulitoka Kaloleni, kwa mkwewe, Mzee Thoya. Mzee huyo aliukata mwenyewe nyuma ya nyumba yake, kisha akapanda miche minne kando ya kisiki.

Twiga walitoka wazuri, ila rangi yao ilikuwa ya kahawia iliyofifia, na Kefa akaona haya. Mkono ukafuata mazoea. Akachukua rangi nyeusi ya viatu, ile ya kuwapumbazia watalii waone kila ubao ni mpingo, akawapaka wote.

Asubuhi mkewe, Kahaso, alileta chai kibandani.

"Baba Mapenzi, hawa wamefanywani?"

"Nimewapa sura."

"Mti wa baba yangu wauonea haya?"

Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Kefa alimpenda mwanamke huyu kuliko kazi yake, ingawa hakuwahi kumwambia, na sasa alitamani ardhi ipasuke immeze.

Lynnette alikuwa aje alasiri. Wakaketi mkekani na msasa, mke na mume, wakasugua. Kumi na mmoja walirudia rangi yao. Wa mwisho, weusi ulikuwa umezama kwenye nyufa.

Lynnette akamwinua huyo huyo. "Huyu si mpingo, mzee?"

Angeweza kusema ni kazi ya zamani iliyochanganyika na hii, yakaisha.

"Ni mwarobaini," Kefa akasema. "Umetoka kwa baba wa mke wangu. Niliupaka rangi kwa ujinga wangu. Mti wenyewe hauna kosa, ni mti mzuri."

Lynnette akaandika kumi na mmoja, akamwambia amlete mwingine Ijumaa. Kahaso akashika upindo wa leso, akamfuta mumewe vumbi jeusi shavuni mbele ya mgeni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu waoane.