Taa ya Kijani Juu ya Barafu ya Aprili

Outi Kemppainen alikuwa na kipaji kimoja kilichomlisha tangu ujana wake: akikaa jikoni na mtu asiyemjua, kahawa ikinywewa taratibu, alitoka mle akijua mtu yule anaogopa nini na anatamani nini. Alizaliwa kijiji cha Ii, kaskazini ya mbali ambako bahari huganda, pale mto unapoingia baharini, akasoma mji wa Oulu, akauza viatu vya michezo miaka mingi. Alipofika makamo akaajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa ikitengeneza kifaa cha kupimia barafu. Kazi yake ilikuwa masoko ya bidhaa.

Mama yake hakuielewa kazi hiyo hata siku moja.

"Kwa hiyo wewe ni muuzaji tu."

"Siuzi, mama. Wauzaji wapo. Mimi natafuta kitu kinamfaa nani, halafu namtafutia maneno ya kukielewa."

"Na anayewaambia mafundi watengeneze nini?"

"Huyo ni Jarkko."

Jarkko Ylitalo ndiye alikuwa meneja wa bidhaa: mwanamume mrefu, mwenye mabega yaliyoinama kama mtu anayepita mlango mfupi. Meza zao zilitazamana. Kila asubuhi walikutana kwenye jiko dogo la kampuni, wakagawana andazi la iliki na kutaniana.

"Mimi naamua tutengeneze nini na kwa nini," Jarkko alipenda kusema. "Wewe unaamua tumwambie nani, kwa maneno gani, na lini. Nikikosea mimi, tunatengeneza takataka."

"Na nikikosea mimi?"

"Takataka zangu zinabaki stoo."

Walicheka. Hakuna aliyeuliza ingekuwaje iwapo hakuna hata mmoja aliyekosea katika kazi yake, na bado kitu kikaharibika katikati yao.

Kifaa chenyewe walikiita Luotsi, jina la yule anayeongoza meli kuingia bandarini. Kilikuwa cha manjano, ukubwa wa chupa ya chai, kimefungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Mtu alikitanguliza mbele yake akitembea juu ya bahari iliyoganda, nacho kikamwashia taa: nyekundu rudi, njano subiri, kijani pita. Jarkko alikibuni kwa ajili ya Desemba, wakati barafu ni changa na swali ni moja tu: imeshakuwa nene, au bado?

Outi akaenda kwa watu. Vuli nzima alizunguka majikoni mwa wavuvi wa barafu, wanaotoboa bahari iliyoganda na kuvulia tunduni, kutoka Kemi mpaka Kalajoki. Aliyorudi nayo yalikuwa na thamani, na kila mtu pale ofisini alilijua hilo. Watakaonunua ni wazee, alisema. Na hao hawatoki sana Desemba, kwa sababu giza ni nene na baridi inauma mifupa. Wanatoka Machi na Aprili, jua likiwa juu na samaki wanakula.

"Basi tuzindue mwishoni mwa baridi," alisema Jarkko bila kuinua macho. Mafundi wake walikuwa wamechelewa, naye alifurahi kupata muda. "Itatufaa sote."

Outi alisikia: kifaa kiko tayari kwa Aprili. Jarkko alisikia: tarehe ya kuuza imesogezwa. Kila mmoja akarudi kwenye meza yake, ameridhika.

Katika wale wazee wote, aliyempenda zaidi alikuwa Veikko Pesonen wa Haukipudas, mjane aliyeendesha malori ya magogo mpaka alipostaafu. Veikko ndiye aliyemwonyesha mtaimbo wa baba yake. Mvuvi anatembea akipiga barafu mbele ya miguu yake, hatua kwa hatua, na sauti inamwambia kama pako salama.

"Tatizo bega, binti," alisema akilisugua. "Linaniuma mpaka usingizini. Ningekuwa na kitu cha kuniondolea mtaimbo huu, ningekibusu."

Outi alitoka mle akiwa na tangazo lake kichwani. Picha ya Veikko ikawekwa kwenye boksi, anacheka, kofia upande. Chini yake maneno matatu: Acha mtaimbo nyumbani.

Jarkko aliletewa boksi alikague. Akakagua maelezo ya betri, akasahihisha kipimo kimoja cha uzito, akarudisha.

"Na maneno haya?" Outi aliuliza.

"Maneno ni yako, dada. Mimi nikianza kuandika matangazo, tutafunga duka."

Luotsi ikauzika kuliko walivyoota. Marjukka, mwenye kampuni, aliagiza keki. Maduka ya vifaa vya uvuvi pwani nzima yaliomba shehena nyingine. Watu walituma picha: mzee na mkewe wakiwa wamekaa juu ya vigoda katikati ya weupe, na fimbo ya manjano imesimama pembeni yao kama mgeni.

Kisha paa zikaanza kudondosha maji. Outi alipita daraja kwenda kazini, akaitazama bahari, akaona weupe ule umeanza kupata rangi ya jivu. Alipokuwa mtoto Ii, baba yake alikuwa akiifungia bandani sleji yake ya kuburuta barafuni, bahari ikifika rangi hiyo, na hakuna aliyebishana naye. Outi akapunguza mwendo darajani. Kisha akaendelea. Mafundi wamepima, alijiambia. Jarkko amepima.

Siku ya pili yake ilikuwa angavu, jua la kuumiza macho. Outi alimpigia Veikko kumwomba picha nyingine za tangazo. Upepo ulivuma kwenye simu.

"Niko nje huku, mwanangu! Mbali kweli, sijawahi kufika huku mwezi kama huu. Zamani ningekuwa nimeshageuka."

"Mbali wapi, Mzee Veikko?"

"Nyuma ya kisiwa. Kijani tangu ufukweni, sijaona njano hata mara moja. Na mtaimbo nimeuacha nyumbani, kama mlivyosema." Akacheka. "Bega linakushukuru!"

Simu ikakatika. Outi alibaki ameishika.

Akageuka. "Jarkko. Luotsi inafanya kazi Aprili?"

"Inafanya. Kwa nini isifanye?"

"Barafu imebadilika rangi."

Jarkko alivua miwani. "Kinapima unene, Outi. Barafu ya Aprili ni nene kuliko ya Januari."

"Na inabeba mtu?"

Jarkko akaiweka miwani mezani.

"Hilo ni jambo jingine," alisema polepole. "Jua likiipiga, inaoza kwa ndani. Inageuka sindano zilizosimama wima, zimeshikana kidogo tu. Unaweza kuwa na unene wa mkono mzima na ukazama kama umekanyaga uji. Kifaa hakioni hilo. Hakijawahi kuona. Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

"Umezaliwa Ii! Na nilishawaambia mafundi, kila mtu chumbani alisikia, hiki ni cha barafu changa. Nilidhani wewe utawaambia wateja."

"Mimi nilidhani wewe umekirekebisha. Nilikwambia watakitumia Aprili. Nilikwambia vuli!"

"Uliniambia watakinunua Aprili."

Wakatazamana juu ya meza zile mbili. Jikoni mtu alikuwa anacheka, vikombe vinagongana. Outi alimpigia Veikko tena. Iliita, ikaita, ikanyamaza. Akapiga mara nyingine, ikawa haiiti kabisa.

Jarkko alikuwa ameshachukua funguo za gari. Njiani Outi alipiga namba ya dharura, akaeleza kisiwa, mzee, kofia. Sauti ya upande wa pili ilimuuliza anajuaje kama mtu huyo yuko hatarini.

"Kwa sababu sisi ndio tuliomwambia apite," alisema.

Ufukweni palikuwa na gari la Veikko peke yake. Nyayo zake zilitoka pale zikaenda baharini, zimenyooka. Hazikuwa zimesita popote. Kila unyayo ulikuwa umejaa maji.

Jarkko alipiga hatua mbili juu ya barafu, ikatoa mlio mnyonge, si ule mlio mkavu wa majira ya baridi. Outi akamvuta kwa koti.

"Usiende! Utakuwa wa pili."

"Siwezi kusimama tu hapa."

"Simama!"

Wakasimama. Hakuna kazi ngumu kuliko ile. Waokoaji walikuja na chombo chao kinachoelea juu ya upepo kinaoupuliza chenyewe, kikapiga kelele kuelekea kisiwani, kikawa kidogo, kikapotea nyuma ya miti. Jua liliendelea kuwaka kwa uzuri wa kuudhi. Outi hakusali, maana hakuwa na mazoea hayo, lakini midomo yake ilitembea.

Walimleta akiwa hai. Alikuwa amening'inia ukingoni mwa tundu kwa kucha za chuma ambazo wavuvi huvaa shingoni, amezikita kwenye barafu, na kila alipojivuta, ukingo ulimeguka, akaanza upya. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Hakumtambua Outi. Alikuwa akisema jambo moja tu, meno yakigongana, na mwokoaji mwanamke akamwinamia kumsikiliza.

"Anasema nini?" Jarkko aliuliza.

"Anasema ilikuwa kijani," alijibu yule mwanamke. "Na ni kweli. Fimbo yenyewe tumeikuta pembeni ya tundu. Ilikuwa bado inawaka."

Veikko alilazwa muda mrefu. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikatwa, na mapafu hayakurudi kuwa yale ya zamani. Binti yake alikuja kutoka Tampere, akamzuia Outi mlangoni mwa wodi. Hakupaza sauti. "Picha ya baba yangu iondoeni kwenye yale maboksi," alisema, akafunga mlango.

Siku ileile Outi na Jarkko waliingia kwa Marjukka pamoja, wakaomba mauzo yasimamishwe. Marjukka aliwasikiliza akikuna shingo.

"Msimu ndio huu," alisema. "Mnajua mnachoniomba?"

"Tunajua," alisema Jarkko. "Kosa ni langu. Mimi ndiye mwenye bidhaa."

"Na maneno ni yangu," alisema Outi. "Tusigombanie kosa, Marjukka. Vifaa viko baharini saa hizi."

Marjukka akasimamisha mauzo. Jarkko na mafundi wakakibadilisha kifaa: sasa kikigundua joto la majira ya kuchipua, hakiwashi kijani kabisa. Lakini hilo lilikuwa la vifaa vijavyo. Outi akaandika onyo, safari hii Jarkko amekaa ubavuni mwake wakilipima kila neno. Redio zikalisoma, magazeti ya pwani yakalitoa. Wateja walioacha namba wakapigiwa simu mmoja mmoja. Wengine walishukuru, wengine walitukana.

Lakini wengi walinunua madukani, wakabeba boksi lao kwapani bila kuacha jina. Nani alikuwa nacho, wapi, hakuna aliyejua. Ndicho kilichomkosesha Outi usingizi. Mahali fulani pwani ile, kila asubuhi, mtu asiyesoma magazeti alikuwa akifunga kamba za viatu vyake.

Wanaofanya kazi na wawili hao sasa husema ni wagumu. Outi hatoi sentensi mpaka Jarkko aseme kwa sauti kifaa hakiwezi nini. Jarkko hapitishi mchoro mpaka Outi amweleze nani atakishika, mwezi gani, akiwa na afya gani. Mara nyingi wanagombana mpaka vijana wanatoka nje. Andazi wanagawana bado, ila matani yamepungua.

Lakini msimu uleule, juma la mwisho kabla barafu haijakatika, Outi aliomba ruhusa, akaendesha gari kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine akiwatafuta kwa macho. Karibu na Raahe alimkuta mwanamume wa makamo akishusha kigoda na ndoo. Fimbo ya manjano ilikuwa begani mwake.

"Samahani bwana, usiende. Hicho kifaa hakifai majira haya. Natoka kwa waliokitengeneza, nafanya kazi huko."

Mwanamume akaiteremsha fimbo, ncha ikagusa barafu. Taa ikawaka.

"Kijani," alisema.

"Inadanganya. Mtu mmoja amezama Haukipudas."

"Basi huyo hakuwa mwangalifu. Mimi bahari hii naijua, mama. Na nyinyi mmeshanichukulia pesa yangu, sasa mnataka nikitundike ukutani?"

Akaenda. Outi aliwapigia waokoaji, wakasema hawana mamlaka ya kumzuia mtu kwenda kuvua. Akakaa juu ya boneti ya gari, akamtazama mtu yule akiwa mdogo, kisha nukta, kisha akawa hamwoni tena sawasawa kwa ule mwanga. Hakuondoka.

Mchana ulipopinda, nukta ile ikakua tena. Mwanamume akaja akitembea kwa raha, ndoo imejaa samaki, suruali imelowa mpaka magotini. Alipopita karibu na gari akainua ndoo amwonyeshe.

"Unaona?" alisema, anacheka. "Kesho namleta na kaka yangu."