Ujumbe wa Breki

Simu ya mume wangu naichukia, na sioni haya kusema. Yeye ni mtu wa boda boda, hupeleka mizigo kati ya Kibera na Kawangware. Mwaka jana kampuni inayompa kazi ilimwekea programu kwenye simu. Inahisi pikipiki inavyoinama na kufunga breki, na ikiona ajali inanukia, inamlilia apunguze mwendo. Halafu inamtumia ujumbe mtu mmoja ambaye dereva mwenyewe amemchagua. Alinichagua mimi, akitabasamu kama aliyeniletea kitenge.

Ujumbe wa kwanza ulinikuta kibandani kwangu Laini Saba, hapa Kibera, nashona sare za shule. "Breki ya ghafla. Kawangware." Nikampigia.

"Ni mbuzi tu, mama watoto. Tulia bana."

Siku hiyo ujumbe uliendelea kuingia: mbuzi wawili, mtaro na mkokoteni. Nilimpigia kila mara, na asiposhika nilirudia mpaka ashike. Nilishona zipu ya sketi kinyume, mwenye sketi akanitukana, na nilistahili.

Sikuwahi kujiuliza anashikaje. Simu hukaa kwenye usukani. Ili anisikie, lazima aachilie mkono mmoja, aichomoe, aisokomeze ndani ya helmeti.

Adhuhuri moja ujumbe uliingia ukitaja Kambi Muru, papa hapa Kibera, nikapiga, akashika. Hata hajasema neno, nikasikia honi, chuma kikikwaruza lami, na watu wakipiga kelele. Nilikimbia nikifuata reli, futi yangu ya kupimia ikining'inia shingoni. Nilimkuta Kambi Muru ameketi kando ya mtaro, mkono umevunjika.

"Kuna mtoto alikatiza, nikamkwepa poa kabisa," akaniambia. "Nimeanguka nikishika simu yako."

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mkono ulipopona nilimwomba aniondoe kwenye hiyo programu. Akakataa. "Na siku nikianguka vibaya, nani ataambiwa?" Tukakubaliana kwamba ujumbe ukiingia nisipige. Yeye atasimama kando, anipigie. Hufanya hivyo ndani ya robo saa, na robo saa hiyo mimi siwezi kushona wala kuinuka. Nakalia mikono yangu na kuogopa.

Leo umeingia saa nne asubuhi: "Breki ya ghafla. Kawangware." Sasa ni saa sita na nusu. Hajapiga. Simu iko mbele yangu, namba yake iko kwenye kioo, nami sijapiga.